Kiharusi na Kupooza

Katika taarifa za afya redioni na magazetini, mara nyingi utakutana na maneno "ugonjwa wa kiharusi, yaani kupooza". Hiyo "yaani" inapotosha. Kupooza ni dalili mojawapo ya kiharusi. Ni dalili kubwa, na mara nyingi ndiyo inayobaki na mgonjwa miaka mingi baada ya tukio, lakini si kiharusi chenyewe. Anayengoja kuona mkono umelegea kabisa ndipo akubali kwamba mwenzake amepata kiharusi anapoteza muda ambao dawa ingefanya kazi. Wapo pia ambao hatawatambua kamwe, kwa kuwa hawatapooza kiungo hata kimoja.

Neno "kupooza" lenyewe lina mzigo mwingine. Kwa miaka mingi "ugonjwa wa kupooza" limekuwa jina la polio, na kampeni za chanjo zimelitangaza hivyo hadi vijijini. Polio huletwa na virusi vinavyowashambulia zaidi watoto. Kiharusi hakiambukizi, na hakina chanjo. Tukiyaita magonjwa haya mawili kwa jina moja, msikilizaji hana namna ya kujua kwamba mmoja unazuiwa kwa matone mdomoni na mwingine kwa kupima presha na kumeza dawa kila siku.

Kwa maana ya kitabibu, kiharusi ni hitilafu ya ghafla ya ubongo inayotokea kwa sababu damu imeshindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, au imevuja ndani yake. Neno "ghafla" halimo kwa bahati. Udhaifu unaokuja taratibu kwa majuma au miezi huwafanya madaktari wafikirie mambo mengine kwanza, kama uvimbe, au damu inayojikusanya polepole chini ya fuvu baada ya mzee kuanguka. Kiharusi huja mtu akiwa anamenya viazi, kisu kikamponyoka mkononi, na alipotaka kumwita mtu maneno yakatoka yamevurugika.

Wataalamu wenyewe walichukua muda kukubaliana ugonjwa huu ni wa nani. Madaktari wa Ugiriki ya kale waliuita kwa neno lenye maana ya kuangushwa kwa pigo, na Kiingereza hadi leo hutumia neno la pigo. Mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer, daktari wa Schaffhausen huko Uswisi, alichapisha kitabu kueleza alichokiona alipopasua maiti za watu waliokufa hivyo: damu iliyovuja ndani ya ubongo. Hata baada ya hapo, kwa miongo mingi Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha ugonjwa huu pamoja na magonjwa ya moyo na mzunguko wa damu. Ni toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, ndilo lililouhamishia kwenye magonjwa ya mfumo wa neva. Chanzo kiko kwenye damu, madhara yako kwenye ubongo.

Neno letu "kiharusi" halitaji ubongo wala damu, na wapo wanaotaka libadilishwe kwa sababu hiyo. Kongo na Burundi, hospitalini husikika zaidi kifupisho cha Kifaransa, AVC, ambacho tafsiri yake ni ajali ya mishipa ya damu ya ubongo. Mimi siafiki "ajali". Neno hilo humwambia mtu kwamba hapakuwa na la kufanya, ilhali viharusi vingi vina mzizi mmoja unaopimika kwa dakika chache, yaani shinikizo la damu, ambalo sote tunaliita presha. Kiharusi ni neno fupi, watu wanalijua na wanaliogopa. Libaki, ila lielezwe vizuri.

Maelezo hayo hukwama mara nyingi kwenye neno "mshipa". Daktari husema, "Mshipa umeziba." Kwa Kiswahili mshipa unaweza kuwa wa damu, unaweza kuwa neva, ambayo wengi huiita mshipa wa fahamu, unaweza kuwa kano, na kwa watu wengi mshipa ni ngiri. Ndugu wa mgonjwa akisikia mshipa umeziba, huuwazia ule wa mkono uliolegea, na akili humpeleka kwenye kuchua. Mafuta yanatafutwa, mkono unachuliwa usiku kucha, na tatizo liko kichwani. Mkono ule hauna kasoro yoyote. Ni amri kutoka ubongoni ndiyo haifiki. Kwa hiyo wanaoandika na wanaoeleza wagonjwa waseme kila mara, bila kufupisha: "mshipa wa damu ndani ya ubongo".

Mshipa huo wa damu hupatwa na moja kati ya mambo mawili. Ukizibwa na damu iliyoganda, tuna kiharusi cha kuziba, ambacho ndicho kingi zaidi. Ukipasuka, tuna kiharusi cha kuvuja, ambacho huua haraka zaidi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hata ukiwa daktari bingwa, na matibabu yake yanapingana. Cha kuziba hutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hiyohiyo akipewa mwenye kuvuja, inaweza kumuua. Ndiyo maana picha ya CT skani ya kichwa hutangulia kila kitu, na ndiyo maana asipirini ya nyumbani isitolewe kabla ya picha, hata kama jirani amesikia kwamba inasaidia.

Dawa ya kuyeyusha ilithibitishwa na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, kwa wagonjwa walioanza kutibiwa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2008 uliongeza muda hadi saa nne na nusu. Hapa Kiswahili kinataka uangalifu, maana "saa nne na nusu" kwetu ni wakati wa siku pia, na bango linalosema "mfikishe hospitali ndani ya saa nne na nusu" linaweza kumchanganya mtu aliyepata tatizo saa tano asubuhi. Afadhali kuandika dakika 270, na kuongeza kwamba kila dakika katika hizo ina gharama: kwa makadirio ya mwaka 2006, kiharusi cha mshipa mkubwa wa damu huua chembe za neva milioni 1.9 kwa dakika moja. Mwaka 2015 tafiti zilithibitisha pia njia ya kupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi ubongoni na kuling'oa donge la damu. Hospitali zenye uwezo huo katika Afrika Mashariki ni chache mno. Lakini hata pasipo na mrija wala dawa ya kuyeyusha, mgonjwa aliyefika mapema hupimwa sukari, ambayo ikishuka sana huigiza kiharusi, husaidiwa kupumua, hulindwa asipaliwe na chakula, na presha yake hushughulikiwa kwa kipimo.

Kumtambua mwenye kiharusi si kazi ya daktari peke yake. Mwambie, "Bibi, cheka nikuone," utazame kama mdomo unakwenda upande. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele afumbe macho, utazame kama mmoja unashuka. Mpe sentensi nyepesi airudie. Likikataa moja tu kati ya haya, na limeanza ghafla, ondokeni. Waingereza wana kifupisho cha kukumbushia dalili hizi. Sisi hatuna, na sidhani tunakihitaji, kwa sababu cheka, nyoosha, sema ni amri tatu ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzikumbuka. Ziongezeeni macho, mwendo na kichwa: kupoteza uoni upande mmoja ghafla, kupepesuka bila ulevi, au kichwa kuuma kwa ukali ambao mtu hajawahi kuujua. Wenye dalili hizi ndio mara nyingi wasiopooza. Wanalazwa chumbani wapumzike, wakidhaniwa wana malaria au uchovu.

Kuna jina jingine linalonisikitisha: "kiharusi kidogo". Huitwa hivyo pale dalili zinapokuja na kuisha zenyewe, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Mtu akiambiwa ni kidogo, hurudi kazini. Damu iliyoganda imejisogeza yenyewe safari hii, lakini hatari ya kiharusi kamili ni kubwa kuliko wakati wowote katika siku mbili zinazofuata. Kiitwe kiharusi cha mpito, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maneno tu. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wanavyokielewa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam. Hai wengi walikieleza kwa presha, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo, na mgonjwa alipelekwa hospitali kwanza. Dar es Salaam wengi walikihusisha na mashetani na uchawi, hospitali ikaepukwa, na mganga wa jadi ndiye aliyetangulia. Nao mradi wa kuhesabu viharusi Tanzania, wa 2003 hadi 2006, ulipata viharusi vipya 108.6 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam, umri ukiwa umesawazishwa. Mji wenye viharusi vingi zaidi, na hospitali nyingi zaidi, ndio ulioikimbia hospitali. Maana ambayo watu wameipa kiharusi ndiyo iliyoamua gari lielekee wapi.

Na kiharusi kisidhaniwe kuwa ni cha wazee tu. Mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wazazi wengi wanavyoiita, anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule, na dawa ya hidroksiurea hupunguza hatari hiyo.

Wahariri wenzangu, naomba tuandike "kiharusi" bila kukifungia ndani ya "kupooza", tuandike "mshipa wa damu" kwa ukamilifu wake, na tuache "kiharusi kidogo". Nawe msomaji, siku kiharusi kikitokea nyumbani kwako, tazama saa na uandike ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, asubuhi au usiku. Kama ameamka nacho, andika saa aliyolala. Usimpe chakula, maji wala dawa mdomoni. Mlaze kwa ubavu kama hana fahamu, na umpeleke moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT skani. Hospitali hiyo iulizie leo.