Serikali Haina Mtani

Wahenga walituachia methali isemayo mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tumeitumia miaka mingi kuwaonya watoto wasicheze ovyo na wakubwa. Lakini, ndugu msomaji, hebu tuigeuze tuione upande wake wa pili. Usaha ukishatunga, je, si heri utumbuke? Historia ya kipindi kimoja cha televisheni cha Uingereza ndiyo iliyonifanya niulize swali hili.

Jumamosi usiku, tarehe 24 Novemba 1962, BBC ilirusha hewani kwa mara ya kwanza kipindi kilichoitwa That Was the Week That Was, yaani hivyo ndivyo juma lilivyokuwa. Mtayarishaji alikuwa Ned Sherrin, na mwendeshaji wake alikuwa David Frost, kijana wa miaka 23. Kilianza saa ambayo wenye heshima zao walidhaniwa wamekwishalala. Millicent Martin alifungua kwa wimbo uliokusanya habari za juma zima, kisha wenzake wakazichambua habari hizo kwa vichekesho. Hawakuwasaza mawaziri, viongozi wa dini wala wenye magazeti. Siku moja walisoma majina ya wabunge ambao kwa miaka mingi hawakuwahi kuinuka ukumbini kutoa hotuba. Hawakuongeza tusi lolote. Ukweli ule wenyewe ulitosha. Wakubwa walikasirika, na mamilioni ya watazamaji wakacheka.

Sasa lipo jambo linalonishangaza kuliko ujasiri wa vijana wale. Malalamiko yalipozidi, waziri aliyesimamia posta na utangazaji, Reginald Bevins, alionekana kutaka kuchukua hatua. Waziri Mkuu Harold Macmillan, mzee wa miaka 68 aliyekuwa akidhihakiwa kila juma, alimwandikia kumzuia asifanye lolote bila kumwuliza. Maoni yake yalikuwa kwamba ni afadhali kiongozi achekwe kuliko asahauliwe. Na ndani ya BBC mkurugenzi mkuu, Hugh Carleton Greene, aliwakingia kifua vijana wake. Ilipotokea kwamba wakubwa wa vipindi wamepanga marudio ya mchezo wa kipelelezi mara baada ya kipindi, ili Frost na wenzake wasiweze kupitisha muda, Frost alianza kuwasimulia watazamaji mwisho wa mchezo huo kabla haujaonyeshwa. Baada ya majuma machache marudio yale yakaondolewa.

Nikiyasoma haya nakumbuka utani wetu. Mngoni na Mhehe, Mzaramo na Mnyamwezi, hawa huambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patazuka ugomvi. Hata msibani mtani huja akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akataja uchoyo wake mbele ya wafiwa. Hakuna anayekasirika, maana hiyo ni haki yake, na zamu ya kutaniwa itamfikia yeye naye. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kucheka wakubwa ni jambo geni lililoletwa na Wazungu. Desturi tunayo. Tatizo ni kwamba utani ni wa ndugu na majirani, bali serikali haina mtani.

Mjomba wangu aliijua tofauti hii kwa gharama. Alikuwa karani, tena mtu wa maskhara aliyeweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Katika harusi moja, miaka ya chama kimoja, aliombwa na watu amwige kiongozi mmoja wa wilaya. Akamwiga, kikohozi chake na vidole vyake vya kuonya, watu wakaanguka kwa kicheko. Hazikupita wiki tatu akapata barua ya uhamisho kwenda mbali, bila sababu kuandikwa. Hakupigwa wala hakufungwa. Lakini tangu siku ile hakumwiga mtu tena, hata sisi watoto wa dada yake tulipombembeleza. Alipofariki, wengi waliokuja kumzika walimjua kama mtu mkimya. Mimi nilihesabu hasara ile kuwa kubwa kuliko uhamisho.

Sisemi kwamba kila kicheko ni chema. Mtani hodari anajua pia kunyamaza. Rais Kennedy wa Marekani alipouawa Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1963, kipindi kile kilikuwa zamu ya kesho yake. Wakaweka kando vichekesho vyote, wakatoa matangazo mafupi ya maombolezo. Waliozoea kuwaita wahuni waliona kwamba watu wale walikuwa na moyo.

Hata hivyo, mwezi uliofuata mambo yalikwisha. Mwaka 1964 ulikuwa wa uchaguzi mkuu, na BBC ikaona haifai kudhihaki wanasiasa katika mwaka wa kura. Tarehe 28 Desemba 1963 kipindi kilirushwa kwa mara ya mwisho. Angalia basi: hata kule walikojivunia uhuru wao, kicheko kilikuwa cha kuazima, na mwenyewe alikuja kukichukua mwaka ule wananchi walipokihitaji zaidi.

Desemba ile ile, tarehe 12, bendera ya Uingereza ilikuwa imeshushwa Nairobi, kama ilivyoshushwa Dar es Salaam miaka miwili kabla yake. Wakoloni walituachia wigi za majaji, siwa ya Bunge na kanuni za kumwita spika mheshimiwa. Kicheko cha Jumamosi usiku hawakukifunga katika mizigo ile, wala wao wenyewe hawakututawala kwa kuruhusu tuwacheke. Ilibidi tujitafutie. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta walianza kumwiga jukwaani na kwenye televisheni Rais Moi, aliyekuwa ametawala tangu 1978. Kundi lao waliliita Redykyulass. Mwaka 2009 kikafuata The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya wanasiasa, kilichoanzishwa na mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Vijana waliokua wakitazama hayo hawawezi kuelewa kwa nini baba zao walikuwa wakigeuka kuutazama mlango kabla ya kutaja jina la mkubwa.

Naam, kicheko hakijaza ghala wala hakijengi zahanati. Macmillan alichekwa, lakini si kicheko kilichomwondoa. Alijiuzulu Oktoba 1963 akiwa mgonjwa. Faida yake naiona kwingine. Anayechekwa hadharani hukumbushwa kwamba naye ana kikohozi na vidole kama sisi, na anayecheka hadharani huacha kuwa mtu wa kunong'ona. Mtawala akitaka kujua kama watu wake wanamwogopa au wanamheshimu, asiulize wasaidizi wake. Na asikilize kama kuna anayethubutu kumwiga harusini, tena kama mtu huyo Jumatatu ataamka akiwa bado na kituo chake cha kazi.