Utulivu wa Kabla ya Tufani

Somo letu la historia leo si la wafalme wala vita. Ni habari ya gesi moja iitwayo ozoni, na jinsi watu walivyokawia kuijua hila yake. Mwenye ramani ya dunia na aifungue, atazame China upande wa kusini, pwani. Hapo ndipo ulipo mji wa Hong Kong.

Mji huo wazijua tufani kwa machungu. Tufani ya tarehe 18 Septemba 1906 iliua watu wapatao 10,000, wengi wao wavuvi na watu wa mashuani. (Unguja nako kimbunga cha Aprili 1872 kilizamisha merikebu za Sultani na kung'oa mikarafuu.) Basi tangu mwaka 1917 watu wa Hong Kong huwekewa ishara za namba, ili kila mtu apate kujua upepo u karibu kiasi gani. Upepo walijifunza kuuogopa. Lakini siku moja au mbili kabla ya upepo, jua huwa kali, jani halitikisiki, na kwa mbali vilima huonekana kama vimefunikwa kitambaa chembamba. Siku hizo hakuna aliyeziogopa. Watoto walicheza nje.

Sasa tuiache Hong Kong kidogo, twende Uswisi. Mwaka 1839 mtaalamu Christian Schönbein, wa mji wa Basel, alipokuwa akipitisha umeme katika maji alisikia harufu kali. Akaiita gesi hiyo ozoni, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kunusa. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi watu wa Ulaya waliisifu kuwa ni dawa, wakaenda pwani makusudi ili waivute! Hewa ya pwani ni nzuri kweli, lakini si kwa ajili ya ozoni.

Mwezi Julai 1943, wakati wa vita kuu, mji wa Los Angeles huko Marekani ulifunikwa na ukungu uliowatoa watu machozi na kuwakereketa koo. Wengine walidhani adui ametupa sumu. Mtu aliyefumbua fumbo hilo alikuwa Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza harufu ya mananasi. Mnamo mwaka 1950 na miaka iliyofuata alionyesha ya kwamba moshi wa motokaa na mvuke wa petroli, vikipigwa na jua, hugeuka kuwa ozoni. Alama yake moja ilikuwa mpira: palipo na ozoni nyingi, mpira hupasukapasuka upesi.

Hapa msichanganye mambo. Ozoni iliyo juu sana mbinguni yatukinga na miale mibaya ya jua. Ozoni iliyo chini, tunayoivuta, hukwaruza mapafu. Mwenye pumu hubanwa kifua. Watoto na wazee huumia zaidi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane.

Je, tufani inaingiaje? Katikati ya tufani hewa hupanda juu kwa nguvu. Ikifika juu husambaa, kisha hushuka pembezoni, mbali kilomita mia kadhaa. Umepata kupiga pampu ya baiskeli? Huoni yapata moto? Ndivyo na hewa inayoshuka: hubanwa, ikapata joto na kukauka, na mawingu yakayeyuka. Tena hukaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, moshi usipate pa kutokea. Tufani ikiwa bado iko karibu na Taiwan, Hong Kong huwa chini ya kifuniko hicho, na upepo mdogo hutoka bara, ukileta moshi wa viwanda vya Guangdong. Moshi upo, jua lipo, upepo haupo: ozoni yapanda. Tufani yenyewe ikifika, mvua na upepo wa bahari huisafisha hewa.

Tazameni tarehe 22 Agosti 2017. Joto la Hong Kong lilifika digrii 36.6 za Sentigredi, ambalo halijapata kupimwa hapo tangu vipimo vilipoanza mwaka 1884. Kesho yake tufani Hato ikapiga, ikaua watu 10 katika mji jirani wa Macau. Madhara ya tufani yanapohesabiwa, huhesabiwa waliozama na walioangukiwa na kuta. Mwenye pumu aliyepelekwa hospitali siku iliyotangulia, nani amhesabuye? Mimi naona hesabu hiyo ina pengo.

Namba ya hewa ilikawia sana nyuma ya namba ya upepo. Hii itumikayo sasa ilianza tarehe 30 Desemba 2013. Huhesabiwa toka 1 hadi 10, na juu ya hapo ni hatari kuu. Ikifika 7, watoto, wazee na wagonjwa wa moyo na kifua huambiwa wapunguze kazi nzito na michezo ya nje. Ozoni huzidi mchana na alasiri, jua likiwa limekwisha fanya kazi yake. Kwa hiyo mwenye safari ya miguu na aende asubuhi.