Kihamba na Msitu: Urithi Mmoja

Juma hili tunawaalika kuutazama mlima wetu kuanzia chini penye migomba, si kileleni penye theluji.

Kwa karne nyingi Wachagga walilima bila kuimaliza miti. Katika kihamba, miringaringa na mifuruanje ilibakizwa ili itoe kivuli, mbao na majani; chini yake ikastawi migomba, na chini zaidi magimbi na mboga. Ng'ombe alifugwa zizini, samadi ikarudi shambani, nayo mifongo ikashusha maji kutoka msituni. Mwishoni mwa karne ya 19, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa Kilema. Mbuni, ambao asili yake ni misitu ya Ethiopia, huvumilia kivuli. Hivyo ulipata makao kihambani bila miti kuangushwa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU.

Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa Nusu Maili kandokando ya msitu, ili wananchi wapate kuni na malisho bila kuuingilia msitu wenyewe. Waliouanzisha walitambua kwamba msitu haulindwi kwa kumsahau jirani yake.

Baadaye mizani iliyumba. Mwaka 1989 mgao wa kahawa wa kimataifa ulivunjika, bei ikaporomoka, na wengi wakang'oa mibuni. Vihamba viligawanywa kwa wana hadi vikawa vipande, na miti ya kivuli ikauzwa mbao. Uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulidhihirisha ukataji haramu wa mikamfa msituni. Mwaka 2005 hifadhi ya msitu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Ulinzi ukaimarika, lakini haja ya mama mwenye jiko la kuni haikuondoka kwa tangazo.

Kwa hiyo twaona maana ya uamuzi wa FAO wa mwaka 2011, wa kukitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Mti uliosimama ukimpa mkulima kipato, kuni na majani, hana sababu ya kupanda msituni na shoka.

Sisi tuliorithi mibuni ya Kilema tunadaiwa. Familia inapokaa kugawa kihamba, tusiulize tu nani atapata wapi. Tuulize pia nani ataitunza miringaringa. Anayeiangusha leo anawaachia wajukuu mfongo mkavu.