Nishani za Askari Wetu na Jinsi Zilivyopatikana

Katika baadhi ya nyumba za Nyeri, Karatina na Nanyuki zimehifadhiwa nishani za wazee waliotumikia King's African Rifles, jeshi ambalo wao waliliita Keya. Vijana huuliza zilipatikana kwa tendo gani. Yafaa waelezwe.

Nishani hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya utumishi, nayo ilitolewa kwa hesabu ya siku na mahali. Nishani ya Vita vya 1939–1945 ilimpasa askari aliyetumika siku 28. Nyota ya Burma alipewa aliyefika penye mapigano ya nchi ile kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, hata kwa siku moja. Hapana aliyeulizwa kama alikuwa shujaa; daftari la kikosi lilitosha.

Namna ya pili ni ya ushujaa. Hiyo askari hakujiombea. Ilimpasa afisa wake aandike habari za tendo, ashuhudie aliyeliona, kisha karatasi zipande kwa wakubwa mpaka jina litangazwe katika gazeti la serikali mjini London. Sajini Nigel Leakey wa Keya, mzaliwa wa Kiganjo, alirukia kifaru cha Waitaliano huko Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, akakifungua na kuwapiga risasi waliokuwamo, ila dereva. Aliuawa akishambulia kingine. Msalaba wake wa Victoria ulitangazwa 15 Novemba 1945, baada ya miaka minne na zaidi.

Basi tendo lisiloandikwa halikuzaa nishani, hata lingekuwa kubwa namna gani. Askari aliyepigana gizani, na afisa wake akafa, alikosa wa kumwandikia.

Waruhiu Itote wa Nyeri alipigana Burma katika Keya, kisha akawa Jenerali China katika msitu wa Mlima Kenya. Wenzake wa msituni hawakuwa na gazeti la kuwatangaza, na chama chao cha Mau Mau kiliendelea kuwa marufuku kwa sheria hadi mwaka 2003.

Sheria ya Heshima za Taifa ya 2013 iliweka kamati ya kumshauri Rais juu ya wanaostahili, askari na raia. Hata hapo hutakiwa maelezo ya tendo lenyewe. Kwa hiyo twawasihi wanachama: tunzeni vyeti vya wazee, na walio hai waandikiwe habari zao pamoja na majina ya mashahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ushujaa ni mali.