Mtemi Mirambo na Vibao vya Ninawi

Nyumba ya tembe iliyoko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni makumbusho. Mgeni afikapo huelezwa kwamba mwaka 1872 walikaa hapo Livingstone na Stanley. Kwamba Stanley aliondoka mwezi Machi kurudi pwani, na Livingstone akasubiri wapagazi wapya hadi Agosti. Hayo ni kweli tupu. Hata hivyo, mtu mwenye kuipenda historia ya nchi hii hatoki pale bila kuuliza: je, yule mtemi ambaye mwaka mmoja kabla aliwatia hofu matajiri wote wa njia hii, habari zake ziko wapi?

Mtemi huyo ni Mirambo. Alizaliwa yapata mwaka 1840 katika utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina lake la awali ni Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vitani, maana yake maiti. Akiwa na vijana wake wa ruga-ruga aliziunganisha temi ndogo ndogo mpaka akaishika njia iendayo Ujiji. Akadai misafara ilipe hongo. Waarabu wa Unyanyembe wakakataa, na mwaka 1871 vita vikazuka. Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akajiunga nao. Walishambulia mwezi Agosti, wakaviziwa wakirudi na mizigo ya nyara, wakakimbia. Siku chache baadaye Mirambo akaivamia Tabora, akachoma nyumba, na tajiri Khamis bin Abdullah akauawa. Stanley ilimbidi azungukie kusini ndipo afike Ujiji.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, msomaji, nawe utaona sababu. Ninawi, mji ule aliotumwa Nabii Yona, ulikuwa makao ya wafalme wa Ashuru. Mmoja wao, Ashurbanipal, aliyeanza kutawala mwaka 668 kabla ya Kristo, alijisifu kwamba anajua kusoma, akakusanya maktaba kubwa ya vibao vya udongo. Mwaka 612 kabla ya Kristo adui waliuteketeza mji. Lakini moto ule ule ulioangusha kasri ulivichoma vibao vingi, kama mfinyanzi achomavyo vyungu, vikawa vigumu. Wachimbaji wa karne ya 19 walivikuta, na leo vipande zaidi ya 30,000 vimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Mfalme aliyekufa miaka zaidi ya 2,600 iliyopita bado anasema kwa maneno yake mwenyewe.

Kinachonishangaza ni kwamba habari hizi mbili zilikutana katika mfuko mmoja. Gazeti la Daily Telegraph la London ndilo lililomlipia George Smith mwaka 1873 aende Ninawi kutafuta vibao zaidi, baada ya yeye kusoma habari za gharika katika kibao kimoja. Mwaka uliofuata gazeti hilo hilo, likishirikiana na New York Herald, lilimtuma tena Stanley Afrika. Aprili 1876 akakutana na Mirambo uso kwa uso, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Smith alitafuta maneno ya mfalme aliyekufa. Stanley alikaa na mfalme aliye hai, lakini alichopata msomaji wa London ni maneno ya Stanley. Mwaka 1871 aliandika juu ya jambazi. Mwaka 1876 aliandika juu ya muungwana. Mtu ni yule yule. Mara ya kwanza mwandishi alikuwa adui yake, mara ya pili ndugu yake.

Barua za Mirambo nazo ziliandikwa kwa mikono ya wengine, kama Daktari Southon, mmisionari aliyekaa Urambo kuanzia 1879 mpaka alipofariki mwaka 1882. Mtemi mwenyewe alikufa Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo akarithi, ila dola ikavunjika upesi. Makao yake yalikuwa ya udongo na miti, na udongo usiotunzwa mvua huurudisha ardhini. Moto nao haukumsaidia kama ulivyomsaidia mwenzake wa Ashuru, kwa kuwa neno lililosemwa kwa mdomo halichomwi likawa kibao.

Baada ya Uhuru tulimtafuta upya. Mwaka 1966 kilitoka kitabu cha Kiswahili cha J. B. Kabeya juu yake, na yule jambazi wa Stanley akawa shujaa wetu. Jina lake limepewa shule, kambi ya jeshi na mtaa wa Dar es Salaam. Nafurahi, lakini nina wasiwasi. Katika michoro ya mawe ya kasri la Ashurbanipal, mfalme anastarehe bustanini na kichwa cha adui yake kinaning'inia mtini. Ukatili wake umewekwa wazi, kila mtu autazame. Sisi tumemtakasa wetu mno. Mirambo aliuza pembe na watu pia, na vijiji alivyochoma vilikuwa vya Waafrika wenzake. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na hakuna mtaa uliopewa jina la nyasi.

Hapo ndipo akiolojia itufaapo, maana jembe la mchimbaji halichanjiani damu na mtu. Shanga, vigae vya vyungu, risasi na majivu huwataja mpagazi na mtumwa sawasawa na mtemi. Mwaka 2006 nchi yetu iliiombea njia hii ya kati nafasi katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Urambo haimo. Tumetaja nyumba walimokaa wageni, tukamsahau mwenye njia.

Kosa hilo linarekebishika, ila si kwa kukawia. Vibao vya Ninawi viliweza kuwangoja wachimbaji karne ishirini na nne. Mzee wa Urambo aliyesimuliwa na babu yake habari za ruga-ruga, na za waliowakimbia, hawezi kungoja hivyo.