Jang-geum na jiko la mfalme: hila za kasri la Korea katika tamthilia na katika historia

Jang-geum ni jina la mwanamke aliyehudumu katika kasri la wafalme wa Korea mwanzoni mwa karne ya 16, wakati wa utawala wa Mfalme Jungjong (1506–1544) wa nasaba ya Joseon. Ulimwengu wa leo unamfahamu zaidi kama mpishi hodari aliyezungukwa na wivu na njama, kutokana na tamthilia ya televisheni iliyopewa jina lake, "Dae Jang Geum". Kumbukumbu za historia, hata hivyo, zinamtaja kama tabibu, wala hazisemi popote kwamba aliwahi kuwa mpishi. Pamoja na hayo, hatari zinazoonyeshwa katika tamthilia hiyo hazikubuniwa zote: katika kasri la Joseon chakula cha mfalme kilikuwa jambo la siasa, na waliokiandaa waliweza kulipa kwa maisha yao.

Tamthilia na kisa chake

"Dae Jang Geum" ilionyeshwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia Septemba 2003 hadi Machi 2004, katika sehemu 54. Iliongozwa na Lee Byung-hoon na kuandikwa na Kim Young-hyun, huku mwigizaji Lee Young-ae akiwa mhusika mkuu. Nchini mwake ilifikia kutazamwa na zaidi ya asilimia 50 ya watazamaji. Baadaye ilivuka mipaka hadi Japani, China, Hong Kong, Iran na nchi nyingine nyingi, na ikawa miongoni mwa kazi za mwanzo zilizoeneza utamaduni wa Korea nje ya nchi hiyo.

Kisa chenyewe kinaanza na yatima anayeingia kasrini akiwa mtoto. Mama yake aliwahi kutumika katika jiko hilohilo, akafukuzwa kwa hila baada ya kushuhudia jambo ambalo hakupaswa kuliona. Msichana anafundishwa na Bibi Han, mpishi mwadilifu anayeamini kwamba kabla ya kumwandalia mtu chochote, hata maji ya kunywa, ni lazima kumuuliza hali ya mwili wake. Upande wa pili yupo Bibi Choi pamoja na mpwa wake Geum-yeong, wa ukoo ambao umelishika jiko kwa vizazi kadhaa na kulitumia kulinda biashara na ushawishi wake.

Ushindani wa kuwania cheo cha mkuu wa jiko unaamuliwa kwanza kwa mashindano ya mapishi, kisha kwa njama. Mfalme anaugua baada ya kula bata aliyelishwa salfa, na lawama wanatupiwa Bibi Han na mwanafunzi wake. Wote wawili wanahukumiwa kuhamishiwa kisiwa cha Jeju, na Bibi Han anafariki dunia njiani. Huko kisiwani Jang-geum anajifunza utabibu, na ni kwa njia hiyo anarejea kasrini kutafuta haki.

Jiko la kasri lilivyofanya kazi

Wanawake waliotumika kasrini waliitwa gungnyeo. Waliingia wakiwa wasichana wadogo na wakapangwa katika idara mbalimbali: kushona, kudarizi, kufua, kuandaa vinywaji na matunda, au kupika. Baada ya takriban miaka 15 ya mafunzo walifanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima, ambapo walivikwa kama bibi harusi, ila bwana harusi hakuwepo. Kuanzia hapo hawakuruhusiwa kuolewa maisha yao yote. Cheo cha juu kabisa walichoweza kukifikia kwa utumishi kiliitwa sanggung, nacho kilihitaji miaka mingi zaidi ya kungoja. Mwanamke aliyefungiwa ndani ya kuta hizo hakuwa na mlango mwingine wa kupandia ila idara yake, na hapo ndipo ushindani ulipopata nguvu.

Tamthilia inalionyesha jiko kama himaya ya wanawake peke yao. Kwa kweli kazi kubwa ya upishi, hasa wakati wa karamu, ilifanywa na wapishi wa kiume wa serikali. Wanawake walishughulikia zaidi milo ya kila siku na uandaaji wa meza katika makazi ya familia ya kifalme.

Mlo rasmi wa mfalme uliitwa sura. Kwa mujibu wa desturi za miaka ya mwisho ya nasaba hiyo, aliandaliwa wali wa aina mbili, supu, kimchi na vitoweo 12, asubuhi na jioni. Alfajiri alipewa uji, na mchana chakula chepesi kama tambi. Vijiko na vijiti vya kulia vilikuwa vya fedha, kwani iliaminika kwamba madini hayo hubadilika rangi yakigusana na sumu. Kabla mfalme hajatia kitu kinywani, sanggung mmoja alionja mbele yake.

Viungo vililetwa kutoka mikoa yote kama ushuru kwa mfalme: samaki wa pwani, uyoga wa milimani, matunda ya kusini. Kwa hiyo meza ilikuwa pia taarifa ya hali ya nchi. Palipotokea ukame au maafa, mfalme aliamuru vitoweo vipunguzwe, ishara ya kwamba anashiriki mateso ya raia wake.

Chakula kilipogeuka kuwa mashtaka

Historia ya Joseon ina matukio yanayozidi hata njama za tamthilia. Mwaka 1646, katika utawala wa Mfalme Injo, ilidaiwa kwamba sumu imekutwa katika konokono wa baharini waliochomwa kwa ajili ya mfalme. Shutuma zilimwangukia Kang, mjane wa mwanamfalme mrithi, ambaye mfalme hakuwa na mapenzi naye. Watumishi wa kike wa jikoni na wale wa nyumba ya Kang walihojiwa kwa mateso, na wakafa bila kukiri. Kang mwenyewe aliuawa mwaka huohuo kwa amri ya mfalme. Heshima yake ilirudishwa mwaka 1718, zaidi ya miaka 70 baadaye. Wakubwa waligombana, na nyasi zilizoumia zilikuwa wale waliobeba sinia.

Tukio jingine ni kifo cha Mfalme Gyeongjong mwaka 1724. Siku chache kabla ya kufa, mfalme huyo aliyekuwa mgonjwa alikula kaa waliolowekwa katika mchuzi wa soya pamoja na matunda ya persimoni, mchanganyiko uliohesabiwa na matabibu kuwa hatari. Ndugu yake wa baba mmoja, Yeongjo, alirithi kiti, na uvumi kwamba yeye ndiye aliyempelekea chakula hicho ulimwandama kwa miongo kadhaa. Mwaka 1755, mpinzani wake mmoja aliyekuwa akihojiwa kwa uhaini alimtamkia mfalme uso kwa uso kwamba tangu mwaka ule wa 1724 hajawahi kula kaa. Yeongjo alitokwa na machozi.

Jang-geum wa kweli

Habari za Jang-geum zimo katika Kumbukumbu za Nasaba ya Joseon, maandishi ya kila siku ya utawala yaliyoingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Alikuwa mmoja wa uinyeo, yaani matabibu wa kike. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1406 kwa sababu wanawake wa tabaka la juu waliona aibu kupimwa na wanaume. Waliochaguliwa kujifunza walikuwa wasichana wa tabaka la watumwa wa serikali.

Anatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1515, na ni katika mashtaka. Malkia Janggyeong alikuwa amefariki dunia siku chache baada ya kujifungua mrithi wa kiti, na maafisa walitaka tabibu huyo aadhibiwe. Mfalme Jungjong alikataa achapwe, akisema kwamba alikuwa na mchango mkubwa katika uzazi ule, na akaruhusu alipe faini badala yake. Mwaka 1524 mfalme aliamuru alipwe posho kamili kwa kuwa ujuzi wake uliwashinda wenzake. Wakati huo jina lake liliandikwa likiwa na neno "Dae", lenye maana ya mkuu. Mwaka 1544, katika ugonjwa wake wa mwisho, Jungjong aliwaambia maafisa kwamba hali yake anaijua tabibu wake wa kike. Baada ya kifo cha mfalme, jina la Jang-geum halionekani tena.

Urithi wa mapishi

Nasaba ya Joseon ilikoma mwaka 1910, lakini ujuzi wa jiko lake haukupotea. Han Hui-sun, mmoja wa wanawake wa mwisho waliotumika katika jiko la kasri, alimrithisha mtaalamu wa lishe Hwang Hye-seong. Mwaka 1971 Korea Kusini iliyatambua mapishi ya kifalme kuwa urithi wa taifa. Binti yake Hwang, Han Bok-ryeo, ndiye aliyekuwa mshauri wa vyakula katika tamthilia ya "Dae Jang Geum".

Mjini Seoul, majengo ya jiko la kasri la Gyeongbokgung yalijengwa upya na kufunguliwa kwa umma mwaka 2015. Mgeni anaweza kupita katika vyumba ambamo wanawake wasio na nasaba wala mali waliandaa mlo wa mfalme kila siku, wakijua kwamba kosa la mwingine lingeweza kuandikwa kwa jina lao.