Historia ya Kuitunza Nozeli ya Gari

Kabla nozeli haijaenea katika magari ya petroli, mafuta na hewa vilichanganywa na kabureta, chombo ambacho fundi aliweza kukifungua, kukipuliza na kukirekebisha kwa bisibisi huku akisikiliza mlio wa injini. Mfumo wa nozeli, ambao husukuma mafuta kwa pampu na kuyanyunyiza kama ukungu, ulimwondolea fundi sehemu kubwa ya urekebishaji huo, lakini ukamtwika kazi nyingine, nayo ni kupambana na uchafu.

Mapambano hayo yalianzia kwenye dizeli. Pampu ambazo kampuni ya Bosch ya Stuttgart ilianza kuziunda kwa wingi mwaka 1927 zilikuwa na pistoni ndogo zilizobana mno ndani ya silinda zake, na kilichozilainisha ni dizeli yenyewe, hivyo chembe za vumbi zilizopenya kwenye chujio zilitosha kuzikwaruza. Kwa sababu iyo hiyo, dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo ulainishaji wake ni hafifu, huila pampu hata chujio likiwa jipya. Na ni uchakachuaji huo ulioifanya Tanzania ianze mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, katika mafuta.

Upande wa petroli, Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilipulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu yake iliendeshwa na injini, kwa hiyo dereva alipozima swichi iliendelea kumwaga petroli mpaka injini ilipokoma kuzunguka, na petroli hiyo isiyoungua ikaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, ikateremka chini na kuifanya oili yote kuwa nyepesi. Ndiyo maana gari hilo la kifahari lilitakiwa kubadilishiwa oili kila kilomita 1,600 hivi, sharti ambalo mwenye teksi asingelivumilia.

Sheria za moshi za California zilipokazwa, Volkswagen ilitoa mwaka 1967 gari lenye D-Jetronic, mfumo wa Bosch ambamo kifaa cha elektroniki kilipima mgandamizo wa hewa iingiayo na kuamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Ilipofika miaka ya 1980, nozeli za aina hiyo zilikuwa zimeenea Marekani, na hapo ikaonekana kasoro ambayo kompyuta haikuweza kuitibu: injini ikizimwa ingali moto, tone la petroli lililosalia kwenye ncha ya nozeli hukauka na kuacha gamba, na gamba jembamba tu hupunguza mafuta na kuharibu umbo la mnyunyizo. Wauza mafuta walianza kutia viambato vya kusafishia, na tangu 1995 sheria ya Marekani imelazimisha hivyo.

Mwaka 1996 Mitsubishi ilirejesha upuliziaji wa ndani ya silinda, safari hii kwa udhibiti wa kompyuta. Petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo viambato hivyo havizifikii, na masizi hujijenga juu yake hadi injini ikatetemeka. Baadhi ya karakana huyaondoa kwa kuyapuliza kwa maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo ni magumu kuliko masizi lakini hayaikwaruzi chuma.